Jiko la Gesi Kwenye Hewa ya Chumvi: Kulisafisha na Kulitunza Nyumbani Tanga

Jiko la gesi lililoko Raskazone, kando ya bahari, halichakai sawa na lililoko Muheza, bara. Ukikaa karibu na bahari, pepo za kaskazi na za kusi zote zakuletea chumvi dirishani. Huioni kwa macho, lakini pitisha kidole juu ya kioo asubuhi ukilambe, utaijua. Chumvi hiyo hutua juu ya jiko, huvuta unyevu wa hewa, na chuma huanza kuliwa na kutu hata kama jiko halijawashwa wiki nzima. Ndiyo maana majiko mengi ya mjini hapa hufa yakiwa bado yanaweza kuwaka: miguu imeoza, trei imetoboka, swichi zimeganda, mpira umepasuka. Moto haukuyaua. Yaliachwa majimaji.

Kwa sababu hiyo nitakazania kukausha kuliko kusugua. Jiko lililosuguliwa likang'aa, kisha likaachwa na matone chini ya vichwa vyake vya moto, litaoza mapema kuliko lile linalopanguswa tu kwa kitambaa kikavu kila usiku. Nazungumzia zaidi jiko la mezani la pleti mbili au tatu, linalounganishwa na mtungi kwa mpira, kwani ndilo lenye viungo vingi. Lile dogo la kufungwa juu ya mtungi wa kilo 6 nitalifikia mbele, nalo lina mambo yake.

Uangalie moto kwanza

Kabla hujafungua chochote, zima feni, funga pazia ili jikoni kuwe na kiza kidogo, kisha washa kila pleti peke yake na utazame. Moto mzuri ni wa bluu. Ndimi zake ni fupi na zimenyooka, kila tundu lina ulimi wake, na ndani ya kila ulimi mna ncha ndogo ya bluu iliyokolea zaidi. Sauti yake ni mvumo mdogo tu.

Moto wa manjano una sababu zaidi ya moja, na sisi wa pwani yatupasa kuzitofautisha. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo hutaka ichanganyike na hewa kabla ya kufika kwenye matundu ya moto. Njia ya hewa ikizibwa na vumbi, mafuta au utando wa buibui, gesi haiungui yote. Chembe za kaboni hung'aa manjano ndani ya moto, kisha huenda kuganda chini ya sufuria kuwa masizi. Ukiona kitako cha sufuria kimeanza kuwa cheusi kama cha sufuria ya kuni, jiko ladai kusafishwa, na sehemu ya gesi uliyoilipia inaishia kwenye weusi huo. Kuna baya zaidi: gesi isiyoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa kaskazi watu hufunga madirisha yote ili upepo usizime moto. Jiko lenye moto wa manjano ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa mpishi na kwa watoto wanaocheza miguuni pake. Acha dirisha moja wazi, lile lisilotazamana na upepo.

Kuna rangi nyingine, karibu na chungwa, isiyo na ubaya huo: cheche zinazopita ndani ya moto wa bluu na kutoweka. Hiyo ni chumvi. Sodiamu iliyomo ndani yake ikipita motoni hutoa rangi hiyo, iwe imeletwa na upepo wa baharini au imefurika na maji ya wali. Sufuria haishiki masizi. Hapa huna haja ya kufungua jeti (kile kitundu kinachotoa gesi) wala kumwita fundi. Pangusa vichwa vya moto, basi. Na ipo manjano ya tatu, ya mtungi unaokaribia kwisha: pleti zote hubadilika pamoja na moto hupungua nguvu. Badilisha mtungi, kisha uangalie tena.

Kwa hiyo kama pleti moja ni ya manjano na nyingine ni bluu safi, kasoro imo kwenye ile moja. Zikiwa manjano zote, anza na mtungi na regulata (kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachosawazisha presha ya gesi) kabla ya kugusa vichwa. Moto unaoinuka na kuachana na matundu huku ukivuma kwa nguvu umezidiwa na hewa au na presha. Moto unaorudi ndani kwa mshindo mdogo na kuanza kuwaka chini ya kichwa, mara nyingi ni kifuniko kilichowekwa upande au kilichorudishwa kikiwa na maji. Uzime mara moja, usiuache ukawaka kule chini, hasa kama jiko lako ni la kioo, kwa sababu kioo hupasuka kwa joto la namna hiyo.

Vitu vya kuwa navyo

Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vitambaa viwili vya pamba (kimoja kisiguse maji kabisa), mswaki wa zamani, ndimu au ukwaju kidogo, kipande cha kumbi la nazi, na njiti kadhaa za chelewa kutoka kwenye ufagio mpya.

Kumbi la nazi huondoa mafuta yaliyoganda bila kukwaruza. Waya wa kusugulia masufuria usiusogeze karibu na jiko. Huacha mikwaruzo ambamo chumvi hujificha, na nyuzi zake zinazokatika hunasa kwenye pembe na kuota kutu, hata juu ya bati lile linaloitwa lisiloshika kutu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo usiitumie, kwani klorini hula bati hilo hilo na kuliachia vidoa vya vitundu. Magadi yana nguvu dhidi ya mafuta, lakini vichwa vingi vya moto ni vya alumini, na alumini ikilowekwa kwenye magadi huwa nyeusi na kudhoofika. Yaweke magadi yako kwa ajili ya maharage.

Funga gesi na usubiri

Funga koki ya mtungi huku pleti moja ikiwa inawaka, uache moto ufe wenyewe. Hivyo gesi iliyobaki ndani ya mpira inaungua badala ya kukutokea usoni ukifungua jiko. Moto ukishakufa, zima swichi zote. Vua regulata kwenye mtungi, na mtungi usogeze kando.

Kisha subiri jiko lipoe kabisa. Alumini ya moto ikikutana na maji baridi hujikunja, na kichwa kilichojikunja hakitakaa sawa tena. Utahangaika na moto wa upande mmoja mpaka ununue kingine. Kioo cha moto ndiyo kabisa, usikimwagie hata tone.

Vichwa vya moto

Toa stendi za sufuria, toa trei, kisha nyanyua vifuniko na vichwa. Kama ni mara yako ya kwanza, piga picha kwa simu kila kitu kikiwa mahali pake. Kichwa kikubwa na kidogo haviingiliani, na vifuniko vingi vina vijino vya kulenga mahali pamoja tu.

Loweka vichwa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa muda wa nusu saa. Maji ya moto yanayochemka hayahitajiki. Tui la nazi likifurika na kuungua huacha ngozi ngumu ya kahawia, na hiyo ndiyo inayoziba matundu mengi katika nyumba zetu, kuliko mafuta ya kukaangia. Ukikutana nayo, ongeza muda wa kuloweka, usiongeze nguvu ya mkono. Halafu sugua kwa mswaki ukifuata mistari ya matundu.

Tundu lililoziba lifungue kwa chelewa. Isukume kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu na kipande chochote kitakachokatika kianguke nje. Sindano na misumari huacha matundu yamepanuka, na tundu pana hubadilisha moto: upande mmoja unakuwa mrefu, sufuria inaungulia hapo hapo kila siku, nawe unaulaumu wali. Chelewa ni ngumu ya kutosha kwa uchafu na laini ya kutosha kwa alumini.

Vifuniko vya shaba ya manjano, vile vya kung'aa, hupenda ukwaju au ndimu. Pakaza, acha dakika chache, sugua kwa kumbi, suuza. Usichanganye na chumvi kama tunavyofanya kwa sinia za shaba, na usiache asidi ikae usiku kucha. Hiki ni kifaa kinachoingia motoni; kinachobaki juu yake kitapikwa nacho.

Sasa kukausha, na hapa nakuomba usiharakishe. Kung'uta kila kichwa, kipulize matundu yote, kipanguse kwa kile kitambaa kikavu, kisha kianike juani kikiwa kimelala kifudifudi ili maji ya ndani yatoke. Jua la Tanga la saa sita halikosi kazi hii. La masika usiliamini, acha vikae ndani karibu na dirisha mpaka kesho yake. Anika uani pasipofikiwa na upepo, si kwenye ukuta unaotazama bahari, la sivyo vitaingia ndani vikiwa na chumvi mpya.

Jeti na bomba la hewa

Ukishatoa kichwa, tazama ndani ya bomba lililo chini yake. Mwanzoni mwake, upande wa swichi, kuna kitundu kidogo sana cha shaba. Hiyo ndiyo jeti. Gesi hutoka hapo kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia uwazi ulio kando ya bomba. Jiko zima linategemea hapo.

Buibui wadogo hupenda kutanda utando ndani ya bomba hili, na nyigu wa udongo akiona jiko halijatumika siku nyingi huingia na kujenga. Nimetaja nyigu kwa sababu nyumba nyingi za Tanga zina jiko la pili la ziada, la shughuli na wageni, linalokaa stoo. Kabla hujaliwasha siku ya shughuli, mulika tochi ndani ya kila bomba. Ukikuta utando, pitisha mswaki mwembamba wa kusafishia chupa za watoto, au kitambaa kilichozungushwa kwenye njiti, uvute nje. Usiusukume mbele ukaenda kukaa kwenye kichwa.

Kitundu cha jeti kwa kawaida hakifiki milimita 1 kwa upana. Kipangusie nje kwa mswaki mkavu, kipulize kwa pampu ya baiskeli, uache hapo. Usiingize sindano. Jeti iliyotobolewa ikawa pana itatoa gesi nyingi kuliko hewa inayopatikana, moto utakuwa wa manjano daima, na hakuna kusafisha kutakakouponya. Kama pampu haikufaa, jeti inunuliwe mpya na ifungwe na fundi. Ni kipande kidogo, hakistahili kuchezewa.

Pembeni mwa uwazi wa hewa, majiko mengine yana kibati kinachozungushwa kupunguza au kuongeza hewa. Moto ukiwa wa manjano wenye masizi hata baada ya kusafisha, fungua zaidi kidogo kidogo huku ukitazama moto. Ukiinuka na kuvuma, rudisha.

Bati, kioo, trei na miguu

Sehemu hii ni nyepesi. Kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kitambaa chenye maji matupu ili kuondoa sabuni na chumvi, kisha kitambaa kikavu. Bati la chuma cha pua lipanguswe kufuata mistari yake, usizungushe. Usimwage maji juu ya jiko kamwe. Yatapenya kwenye mashina ya swichi, na ndiyo asili ya swichi zinazoganda.

Pindua jiko utazame chini. Watu wengi hawajawahi kufanya hivyo tangu siku waliyolinunua. Hapo ndipo kutu inapoanzia, kwenye kona na kwenye skrubu za miguu, na hapo ndipo mende hukaa. Pangusa, kausha, na kama rangi imebanduka, sugua kutu kwa msasa laini kisha upake rangi inayostahimili joto. Rangi ya kawaida ya milango itaungua na kunuka. Vipira vya miguuni vikiwa vimepotea, weka vingine, kwa sababu chuma kikigusa meza yenye maji kitaoza.

Swichi ngumu usiipake mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huganda kuwa gundi. Ndani ya koki hiyo hupakwa grisi maalumu inayostahimili joto, na kuifungua maana yake ni kufungua njia ya gesi, kwa hiyo ni kazi ya fundi. Kiwashio cha cheche kisipotoa cheche, kipanguse ncha yake nyeupe kwa kitambaa kikavu, na kama jiko lina betri, ziangalie. Kwenye hewa yetu miguu ya betri huota ukungu wa kijani upesi.

Mpira na regulata

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kuliko mahali popote. Jiko chafu hukupotezea gesi. Mpira mbovu huchoma nyumba.

Mpira wa gesi una mwaka umechapishwa ubavuni, pamoja na maandishi kwamba ni wa gesi. Kama hauna maandishi yoyote, huo ni mpira wa maji, utoe leo. Watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kati ya miaka 2 na 5. Kwa nyumba zetu za karibu na bahari mimi nasema usiufikishe mwisho huo. Ukunje taratibu kwa vidole hatua kwa hatua kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona vipasuko vidogo kwenye mkunjo, au ukiusikia umekakamaa, muda wake umeisha. Tazama pia alama za meno. Panya hutafuna mpira, hasa ule uliopita nyuma ya kabati, na tundu la jino lisiloonekana kwa mbali latosha kujaza chumba.

Mpira usizidi mita 1.5, usipite nyuma ya jiko penye joto, usikanyagwe na mguu wa meza. Kila ncha iwe na klipu ya kubana. Klipu iliyokula kutu ni ya kutupa, isikazwe zaidi, kwa sababu itakatika siku usiyoitarajia. Mpira usilazimishwe kuingia kwa kupakwa mafuta; ulowekwe ncha kwenye maji ya moto dakika moja, utalainika na kuingia.

Regulata ina kitundu kidogo cha kupumulia. Kikizibwa na kutu au utando, presha haitakuwa sawa. Ipangusie nje kwa kitambaa kikavu, usiioshe kwa maji, usiifungue. Zaidi ya miaka 10 isikae kazini, na ikiwa imeota kutu mapema, umri wake hauna maana tena. Ndani ya mdomo wa mtungi kuna washa ya mpira, yaani kipete cha kuzuia gesi isivuje. Kila unapobadilisha mtungi, itazame: ikikosekana au ikiwa imechanika, mrudishie muuzaji mtungi huo huo.

Kurudisha na kupima kwa povu

Panga kila kitu kama picha ya simu inavyoonyesha. Hakikisha kila kifuniko kimekaa, kizungushe kidogo kwa vidole, kisicheze. Unganisha regulata, fungua koki ya mtungi, swichi za jiko zikiwa zimezimwa.

Koroga sabuni ya maji na maji kidogo mpaka ipate povu zito. Paka kwa sponji kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regulata, kwenye klipu zote mbili, na urefu wote wa mpira. Subiri, tazama. Mapovu yanayokua yenyewe ni gesi inayotoka. Funga koki, kaza au badilisha, pima upya. Usitumie kiberiti kutafuta gesi inayovuja. Bado nasikia watu wakifanya hivyo, na kila mara moyo hunienda mbio. Ukimaliza kupima, futa povu kwa kitambaa chenye maji matupu na ukaushe, kwani sabuni iliyobaki kwenye klipu huiletea kutu.

Kisha washa, utazame moto ule ule uliouangalia mwanzo. Kwa dakika chache za mwanzo waweza kuona rangi ya chungwa na harufu kidogo ya unyevu unaokauka. Ikipita dakika 5 na manjano bado ipo, rudi kwenye bomba la hewa.

Jiko dogo la juu ya mtungi

Mitungi ya kilo 6 imeingia nyumba nyingi mno tangu nchi ilipoanza kukazania nishati safi. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu ya mama zetu na kwa mikoko na misitu yetu. Lakini wengi hupewa mtungi na kuonyeshwa kuwasha tu, hawaonyeshwi kutunza.

Jiko hili huoshwa kwa namna ile ile ya vichwa, likiwa limefunguliwa kutoka kwenye mtungi. Chini ya mkia wake kuna washa ya mpira, iangalie kila unapolifunga tena, na ufunge kwa mkono mpaka likae, si kwa koleo. Pima kwa povu kwenye shingo.

Mambo mawili ya kulikumbukia. Upepo ukisumbua, usilizungushie bati pande zote. Bati hurudisha joto chini kwenye mtungi, na mtungi unaopashwa moto ni hatari kubwa. Afadhali uhamie kona isiyo na upepo. Vile vile sufuria kubwa ya pilau ya watu wengi haifai hapo: huupinda moto kuelekea mtungini, na uzito wake juu ya kitu chembamba hivyo ukitikisika kidogo unamwagika wote. Shughuli ikiwepo, azima jiko la chini.

Mtungi wenyewe

Uwe umesimama daima. Ndani yake gesi iko katika hali ya majimaji, na juu yake ndipo palipo mvuke unaokwenda jikoni. Ukiulaza, majimaji yenyewe yataingia kwenye mpira, na lita moja tu ya majimaji hayo huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Kwa bodaboda pia usiulaze, wala usiuache kwenye jua la barabarani ukisubiri abiria wa pili.

Kitako ndicho kinachooza. Usiuweke juu ya sakafu inayopigwa deki kila siku. Tafuta ubao au vipande viwili vya mbao vya kuuinua kidogo, hewa ipite chini. Ukienda kubadilisha, usipokee mtungi uliokula kutu kitakoni au shingoni, hata kama lakiri ni nzima. Na omba upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo. Ukiandikwa kilo 14.5, mtungi wa kilo 15 uliojaa usome 29.5 kwenye mizani.

Kujua gesi iliyobaki, mwagia maji ya vuguvugu ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kushuka. Mahali ubaridi unapoanza ndipo palipo na majimaji. Kausha mtungi baada ya hapo.

Lini na lini

Kila usiku baada ya kuosha vyombo, kitambaa kikavu juu ya jiko na koki ya mtungi ifungwe. Kinachofurika kipanguswe siku ile ile jiko likishapoa, hasa maji yenye chumvi. Mara moja kwa wiki toa stendi na trei, uoshe. Mara moja kwa mwezi toa vichwa na upime kwa povu. Wanaokaa Pongwe au bara zaidi waweza kungoja miezi miwili, wa pwani kama Sahare wasingoje. Kusafisha kukubwa, kwa mabomba na kupindua jiko, kufanyike angalau mara mbili kwa mwaka. Mojawapo naipendekeza iwe Shaabani. Ramadhani jiko halipumziki: uji, mihogo ya nazi, vitumbua, sambusa, kisha daku. Likiingia mwezi huo likiwa na matundu yaliyoziba, gesi ya mwezi itakwisha kabla ya kumi la mwisho.

Ukisikia harufu

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo umetiwa makusudi ili uijue. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa hiyo haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati na kwenye kona. Ukiinusa, usiwashe taa na usizime taa iliyowaka, kwani swichi hutoa cheche. Zima moto wowote kama uko karibu nao, funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Mlango wa uani ni bora kuliko dirisha, maana gesi hutoka kwa chini. Simu piga ukiwa nje, mbali na nyumba. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo. Mwambie na jirani wa ukuta wa pili asiwashe kitu.

Usirudi ndani mpaka harufu imekwisha kabisa, na usiliwashe jiko siku hiyo kabla ya kupima viungo vyote kwa povu.

Fundi aitwe lini

Mwite kwa swichi iliyoganda au inayotoa harufu ikizimwa, kwa jeti, na kwa moto unaoinuka hata baada ya kubadilisha regulata. Mwombe afanye kazi mbele yako, na apime kwa povu kabla hujamlipa. Vipuri nunua vyenye maandishi, hata kama kile kisicho na maandishi ni nusu ya bei. Maduka ya vifaa ya Ngamiani huuza vya aina zote mbili kwenye kaunta moja, kwa hiyo usome kabla ya kutoa hela.

Mpira wa zamani ukiutoa, ukate vipande vipande kabla ya kuutupa, na regulata mbovu igonge nyundo mdomoni. Vikiachwa vizima jalalani vitaokotwa, vitapanguswa, na vitafungwa kwenye mtungi wa nyumba nyingine.